Maswali ya Wasomaji: Picha za Wanamuziki wa Babu

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yangu mzaa mama anatimiza miaka 80 mwezi ujao. Ujanani alipuliza tarumbeta katika bendi ya dansi iliyokuwa ikitumbuiza Ilala na Magomeni, na hadi leo chai yake ya asubuhi haishuki bila muziki wa zamani. Nimekusudia kumtengenezea albamu ya picha za wanamuziki anaowapenda, tangu Louis Armstrong na Miriam Makeba hadi Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu, na picha nne kati ya hizo nizitie katika fremu na kuzitundika sebuleni kwake. Nimetafuta mtandaoni kwa wiki mbili. Picha nzuri zimepigwa mhuri wa kampuni katikati ya uso, zisizo na mhuri ni ndogo mno na zikichapwa zinaonekana kama vigae, na tovuti zinazoahidi picha za bure hatimaye huomba namba ya kadi ya benki. Sina fedha za kununua picha, wala sitaki kuiba. Nifanyeje?
Mjukuu, Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Mjukuu, nitaanzia kwenye neno lako la mwisho, kwa sababu watu wengi wanaotafuta picha mtandaoni hawalifikirii kabisa. Picha ya mtu maarufu si mali ya mtu huyo, wala si mali ya tovuti iliyoiweka. Kwa kawaida ni mali ya aliyeipiga, au ya mwajiri wake, au ya warithi wake. Hapa Tanzania Bara jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwa kuwa nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, picha iliyopigwa New York au Paris inalindwa hapa Tandika kama ile iliyopigwa Kariakoo. Kwa hiyo, unapotafuta, yatenganishe maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: bure na huru. Bure ni habari ya bei, na huru ni habari ya ruhusa. Picha unayoiona bila kulipa inaweza kuwa imefungwa kisheria pande zote, na picha iliyo huru kabisa unaweza kuikuta ikiuzwa na mtu mwerevu aliyeichukua mahali ambapo hata wewe ungeweza kuichukua.

Sheria yetu inatambua pia matumizi binafsi. Nakala moja ya kazi iliyokwisha kuchapishwa, unayojitengenezea kwa matumizi yako mwenyewe, si jambo la kukunyima usingizi. Lakini albamu huanza sebuleni ikaishia kwingine. Siku ya sherehe wajukuu wataipiga picha na kuirusha mitandaoni, na mwakani jirani ataiomba kwa maonyesho ya shule. Ndiyo maana nakushauri utafute picha zilizo huru tangu mwanzo, hasa kwa kuwa kwa wanamuziki wa kigeni uliowataja zipo, na ubora wake unazishinda nyingi zilizopigwa mihuri.

Anza na Armstrong, maana hapo una bahati kubwa. Alikuwapo Mmarekani mmoja aitwaye William P. Gottlieb, mwandishi wa habari za muziki, ambaye kati ya mwaka 1938 na 1948 alijibebea kamera mwenyewe katika kumbi za New York na Washington na kuwapiga picha karibu wakubwa wote wa jazi wa wakati ule: Duke Ellington, Billie Holiday, Ella Fitzgerald, Dizzy Gillespie na wengineo. Mkusanyiko wake, wenye picha zaidi ya 1,600, unatunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na kwa matakwa yake mwenyewe uliingia katika miliki ya umma tarehe 16 Februari 2010. Maana yake ni kwamba huhitaji kumwomba mtu ruhusa, kulipa, wala kujiandikisha popote. Humo utamkuta Armstrong mwenye tarumbeta yake, amepigwa picha New York mnamo Julai 1946, katika faili kubwa iliyonakiliwa kwa uangalifu. Kwa mzee aliyepuliza tarumbeta, sidhani kama ipo picha ya kuanzia iliyo bora kuliko hiyo. Unapotafuta, usiandike jina la mwanamuziki peke yake. Andika pamoja nalo jina la Gottlieb, na utakwepa maelfu ya nakala zilizochujuka.

Maktaba hiyo hiyo ina picha za Carl Van Vechten, aliyewapiga wasanii na waandishi kati ya mwaka 1932 na 1964, akiwemo Harry Belafonte akiwa bado kijana. Hizi nazo ziko wazi kutumiwa, ila wasimamizi wa mirathi yake wameomba zisikatwe, zisitiwe rangi, na jina lake litajwe. Ombi la namna hiyo lifuate hata pale ambapo hakuna atakayekufuatilia. Mtu aliyekuachia kazi yake bila malipo anastahili angalau kazi hiyo iachwe kama alivyoipanga.

Kwa Makeba, nenda Uholanzi. Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo, Nationaal Archief iliyoko The Hague, inatunza picha za wakala wa habari aliyeitwa Anefo, zilizopigwa kuanzia mwaka 1945 hadi 1989. Wanamuziki, wanasoka na viongozi waliopita Amsterdam katika miaka hiyo walipigwa na wapiga picha wake, na hifadhi imeziachia picha nyingi mno kati ya hizo zitumiwe na yeyote. Makeba yumo, katika picha za mwaka 1969, na ukitaka kumshangaza babu zaidi, Mwalimu Nyerere naye yumo, alipoizuru nchi hiyo. Maelezo ya picha yameandikwa kwa Kiholanzi, lakini majina ya watu na tarehe havihitaji mkalimani.

Njia rahisi ya kuzifikia hazina zote hizi kwa pamoja ni Wikimedia Commons, ghala la picha la mradi wa Wikipedia, lililoanzishwa mwaka 2004 na ambalo sasa lina faili zaidi ya milioni 100. Uzuri wake si wingi. Uzuri wake ni kwamba kila picha ina ukurasa wake unaoeleza nani aliipiga, lini, imetoka wapi na inatumiwa kwa masharti gani. Huo ndio ukurasa wa kusoma, wala usiridhike na picha yenyewe iliyotokeza katika matokeo ya utafutaji. Ukiona imeandikwa kwamba ni miliki ya umma, au CC0, yaani mwenyewe ameziachia haki zake zote, uko huru. Ukiona CC BY, sharti lake ni kumtaja mpiga picha na leseni yenyewe. Herufi SA zikifuatia, ukiibadili picha na kuisambaza, kazi yako mpya nayo iachie kwa masharti yale yale. Herufi NC zinakataza biashara, na ND zinakataza kusambaza picha iliyobadilishwa. Leseni hizi zilianza kutolewa mwaka 2002 na shirika la Creative Commons, na utazikuta pia katika tovuti za picha za Flickr na Openverse, ambako unaweza kuchuja matokeo kwa leseni kabla hata ya kuanza kuyatazama. Katika utafutaji wa picha wa Google pia kuna kichujio cha haki za matumizi ndani ya sehemu ya zana, ila kichujio hicho kinaamini kilichoandikwa na mwenye tovuti, na wenye tovuti huandika wapendavyo. Fuata kiungo hadi chanzo chenyewe.

Zile tovuti zilizokuomba namba ya kadi, zifunge na usirudi. Hakuna hifadhi hata moja niliyoitaja inayohitaji kadi.

Sasa ukubwa, maana hapa ndipo zawadi nyingi huharibikia. Picha inayopendeza kwenye kioo cha simu haimaanishi itapendeza kwenye karatasi. Kwa uchapaji mzuri hesabu nukta 300 kwa kila inchi: picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli, yaani nukta za picha, zipatazo 1,181 kwa 1,772, na ukurasa mzima wa A4 unataka 2,480 kwa 3,508. Picha ya ukutani hutazamwa kutoka mbali kidogo, kwa hiyo nukta 200 zinatosha, na kwa hesabu hiyo faili inayotosha A4 ya mkononi inatosha pia A3 ya ukutani. Vipimo hivi vimeandikwa katika ukurasa wa faili. Pakua faili asili, si ile ndogo ya kutazamia, wala usipige picha ya kioo cha simu. Ukishaipata, ipeleke kwa mchapaji ndani ya flashi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama hati, kwa sababu ukiituma kama picha ya kawaida programu huibana na kuipunguza. Niliwahi kupeleka kwa njia hiyo picha ya marehemu shangazi yangu kwa ajili ya kuchapwa, na iliporudi kutoka kwa mchapaji macho yake yalikuwa madoa mawili. Tulizika tukiwa nayo hivyo hivyo.

Jambo moja nakusihi: usikubali kijana wa steshenari akuboreshee picha ndogo kwa programu ya akili mnemba. Programu hizo hazirudishi sura iliyopotea, bali huchora sura nyingine inayofanana nayo, na mzee aliyemfahamu Mbaraka kwa macho yake ataona mara moja kwamba huyu si yeye. Kwa sababu hiyo hiyo jihadhari na picha mpya za watu wa zamani zinazozagaa siku hizi, ngozi laini kama plastiki na vidole visivyoeleweka. Kabla ya kuiamini picha, ipitishe kwenye TinEye au Google Lens, zana za kutafuta picha kwa kutumia picha yenyewe, uone ilianza kuonekana wapi na ikiwa na maelezo gani.

Nimekawia kuwafikia Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu, na sababu ni kwamba hapa hazina ni haba. Mbaraka alifariki katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, Marijani mwaka 1995, na picha zao zinazozunguka mtandaoni ni nakala za nakala, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye majalada ya santuri au magazeti, bila jina la mpiga picha wala mwaka. Inaniuma kulisema hili. Mgeni aliyetumbuiza Amsterdam usiku mmoja ana picha safi iliyo huru kwa dunia nzima, na mtu aliyeliimbia taifa letu miaka kumi na zaidi hana. Si kwamba hawakupigwa picha. Walipigwa katika kumbi, katika studio za mitaani, katika safari za mikoani, na picha hizo ziko ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda, mikononi mwa wajane, watoto na wapiga ngoma wastaafu.

Kwa hiyo, sehemu hii ya albamu itakutoa nje ya nyumba. Anza na babu mwenyewe: mwulize ni nani kati ya wenzake wa bendi bado yu hai na anaishi wapi, kisha nenda kwa miguu yako, ukiongozana na mtu mzima wa familia, kwa maana wazee hawafungui masanduku yao kwa ujumbe wa simu. Ukionyeshwa picha, usiombe kuondoka nayo. Inakili pale pale. Ukiwa na skana, weka nukta 600 kwa inchi. Ukiwa na simu tu, iondoe picha kwenye nailoni ya albamu ikiwa inatoka bila kuchanika, ilaze juu ya meza karibu na dirisha pasipo jua kali, zima mwanga wa kamera, na ushike simu sambamba na picha. Geuza nyuma uone kama kuna mhuri wa studio, na uupige picha nao, kwa sababu huo ndio utakaokupeleka kwa mpiga picha au watoto wake, na wao wakiwa na negatifu utapata sura kali kuliko ulivyotarajia. Andika majina ya wote wanaoonekana, kuanzia kushoto, pamoja na mahali na mwaka, mzee akiwa mbele yako. Kwa picha za viongozi na matukio ya kitaifa, Idara ya Habari MAELEZO nayo ina hazina ya zamani ya kuulizia.

Na ikiwa mpiga picha au warithi wake watakubali, ombeni kwa maandishi waiachie picha moja iwekwe Wikimedia Commons kwa leseni ya CC BY-SA, jina la mpiga picha likiwa limeandikwa wazi. Angalia vizuri hapa: ruhusa inayotakiwa ni ya aliyepiga au warithi wake, si ya mwenye kumiliki karatasi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na ina makala za wanamuziki wetu zisizo na picha hata moja.

Chini ya kila picha katika albamu andika mstari mmoja. Mfano: Louis Armstrong, New York, Julai 1946, picha ya William P. Gottlieb, Maktaba ya Bunge la Marekani. Na ukipata picha ya bendi ya babu, hata ikiwa imefifia, iweke ukurasa unaotazamana na huo wa Armstrong.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ubungo. Nataka kupamba darasa kwa picha za watu maarufu ambao watoto wanaweza kuwaiga, wakiwemo viongozi na wanasayansi. Nimesikia picha za serikali ni huru kwa kila mtu. Je, ni kweli?
Mwalimu, Ubungo

JIBU: Ni kweli kwa Marekani, Mwalimu, na usiipeleke kanuni hiyo kwingine bila kuuliza. Sheria ya nchi hiyo haizipi hakimiliki kazi zilizofanywa na watumishi wa serikali kuu wakiwa kazini, kwa hiyo picha za wapiga picha rasmi wa Ikulu yao na za shirika la anga la NASA ziko wazi. Kwa NASA ningeanza na Mae Jemison, daktari ambaye mwaka 1992 alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kwenda anga za juu; picha yake katika vazi la mwanaanga ni kubwa kutosha kuchapwa bango. Na kwa kuwa mko Ubungo, watafutie watoto picha za Barack Obama alipofika katika mtambo wa umeme wa hapo kwenu Julai 2013. Hakikisha tu kwamba maelezo yanasema picha ni ya Ikulu ya Marekani, kwani siku ile walikuwepo pia wapiga picha wa mashirika ya habari, na picha zao zina wenyewe.

Picha za serikali yetu, au za Uingereza na Ufaransa, haziwi huru kwa kuwa tu ni za serikali. Omba ruhusa kwa barua fupi yenye muhuri wa shule.

SWALI: Natengeneza fulana Kariakoo. Nilipata Commons picha ya msanii wa Bongo Fleva yenye leseni ya CC BY, nayo inaruhusu biashara. Nyingine nimeichora mwenyewe kwa kufuatisha picha ya mtandaoni. Nimejianzishia kama jambo la kujifurahisha, lakini sasa watu wanataka kununua. Kuna tatizo?
Fundi, Kariakoo

JIBU: Lipo, Fundi, na katika fulana zote mbili. Leseni ya CC BY inatoka kwa mpiga picha, naye anaweza kukupa kilicho chake tu, yaani picha. Uso na jina la msanii havikuwa vyake kukupa. Kumweka msanii kifuani mwa fulana inayouzwa ni kuufanyia biashara umaarufu wake, na uongozi wake una haki ya kukuuliza.

Kuchora kwa kufuatisha nako hakukutoi. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Msanii Andy Warhol akatengeneza michoro kutokana na picha hiyo, na ruhusa ya kuchapa mmoja wa michoro hiyo ilipouzwa kwa jarida baada ya Prince kufariki mwaka 2016, shauri lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Tarehe 18 Mei 2023 majaji saba dhidi ya wawili walikubaliana na mpiga picha. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu ile, lakini sheria yetu nayo inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa kuwa kazi nyingine.

Simamisha uuzaji kwanza. Peleka kwa uongozi wa msanii fulana moja ya mfano pamoja na barua inayotaja idadi unayotaka kutengeneza, bei, na mgawo unaopendekeza kumpa, na mtafute mpiga picha wa ile picha uliyoifuatisha umwandikie vivyo hivyo. Majibu yote yawe kwa maandishi. Ukihitaji mwongozo wa mkataba, nenda Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ukiwa na fulana na picha asili mkononi, ili wakueleze wakiwa wanaiona.